Mlango wa Mbao, Jua la Bariadi na Vanishi ya Maji

Imeenea imani miongoni mwa wenye nyumba, na hata miongoni mwa baadhi ya mafundi, kwamba adui mkubwa wa mlango wa mbao ni mvua. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Atazamaye kwa makini milango ya mji wa Bariadi, au ya Maswa, Meatu, Itilima na Busega, ataona kwamba mlango unaoelekea machweo huchakaa hata katika miezi ile ya kiangazi ambayo tone la mvua halijaugusa. Vanishi hupasuka, kisha hubanduka kama ngozi ya nyoka, na mbao iliyo chini yake huwa ya kijivu. Adui wa kwanza ni jua. Mvua huja baadaye kumalizia kazi iliyokwisha kuanzwa. Asiyelijua hilo atanunua vanishi kila mwaka, na kila mwaka atashangaa.

Jambo hili si dogo. Ni kweli kwamba mageti ya chuma yameenea siku hizi, lakini milango mipana ya mbao ingaliko: ya mabanda ya magari, ya maghala, ya maduka ya zamani na ya madarasa. Mbao zake aghalabu ni mninga, mkongo au mvule, miti inayokua polepole na ambayo mingi hukatwa mbali na Simiyu. Mninga, kwa mfano, hutoka katika misitu ya miombo kama ile ya Tabora na Katavi. Kila mlango unaoachwa ukaharibika ni mti mwingine unaotakiwa kukatwa. Wananchi wa Usukuma wanaijua thamani ya mti kuliko wengi, kwani ni katika eneo lao ambapo mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ulianzishwa mwaka 1986 ili kurudisha miti kwa njia ya ngitili. Mkoa wa Simiyu wenyewe ulizaliwa mwaka 2012 kutokana na sehemu za mikoa ya Shinyanga na Mwanza.

Katika miaka ya karibuni imekuja vanishi ambayo kiyeyushi chake kikubwa ni maji badala ya thina, na ambayo hupulizwa kwa kompresa. Hoja ya makala haya ni kwamba vanishi hiyo inafaa zaidi kwa milango ya nje ya Simiyu kuliko ile ya zamani, tena ni salama zaidi kwa fundi. Lakini ikitumiwa na mtu asiyefundishwa itashindwa upesi kuliko ile anayoizoea. Kwa hiyo mahali pa kuanzia si dukani, ni darasani.

Jua linavyoila mbao

Mbao ni nyuzi za selulosi zilizoshikanishwa na gundi ya asili iitwayo lignini. Lignini hiyo hunyonya mionzi ya urujuanimno iliyomo katika mwanga wa jua, nayo huvunjikavunjika. Gundi ikishavunjika, nyuzi za juu huachana, na mvua ya kwanza huzisomba. Vanishi ya kung'aa isiyo na rangi yoyote hupitisha mwanga kama kioo kinavyopitisha. Hivyo basi, mbao huungua chini ya vanishi ambayo bado ni nzima, na vanishi hukosa pa kushika. Fundi hulaumu vanishi kuwa ni mbovu, kumbe kilichokufa ni uso wa mbao.

Bariadi iko takribani digrii 3 tu kusini mwa Ikweta. Jua huwa juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Ukuta unaoelekea kaskazini hupata jua zaidi katikati ya mwaka, na ule wa kusini hupata zaidi mwishoni na mwanzoni mwa mwaka. Lakini kuta za mashariki na magharibi hazina likizo. Zaidi ya hayo, uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Bariadi iko juu kuliko ziwa. Mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Mlango wa Bariadi, basi, hupigwa na mionzi mikali kuliko mlango wa Tanga, hata kama hewa ya Bariadi yaonekana kuwa na nafuu.

Kinga dhidi ya mionzi hiyo ni moja kati ya mbili: ama viambato maalumu vinavyoinyonya, ambavyo huchanganywa kiwandani katika vanishi ya nje, ama chembe za rangi zinazoizuia njiani. Oksidi ya chuma, ile ile inayoupa udongo wekundu wake, ni miongoni mwa chembe bora za kazi hiyo. Ndiyo maana vanishi yenye rangi kidogo ya kahawia hudumu nje kuliko ile iliyo safi kama maji. Anayetaka mlango wake ung'ae bila rangi na pia udumu juani anaomba mambo mawili yasiyopatana.

Maji yawezaje kuzuia maji?

Hili ndilo swali la kwanza ambalo mwanafunzi mwerevu ataliuliza, na ni swali zuri. Ikiwa vanishi hii huchanganywa kwa maji na kifaa chake huoshwa kwa maji, je, mvua haitaiosha?

Jibu linapatikana katika kikombe cha maziwa. Mafuta ya maziwa hayakuyeyuka katika maji. Yametawanyika humo kama vitone vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vanishi ya maji nayo ni chembe za polima, kama vile akriliki au poliurethani, zilizotawanywa katika maji. Kila chembe ina kipenyo cha takribani sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Maji yanapopaa, chembe hizo husogeleana, hubanana, hulainika na kuungana hata ziwe utando mmoja. Utando huo ukishakamilika hauwezi kurudi kuwa chembe, kama vile ugali usivyoweza kurudi kuwa unga.

Vanishi ya mafuta iliyozoeleka hukauka kwa njia nyingine. Kwanza thina hupaa. Kisha mafuta yaliyobaki huvuta oksijeni kutoka hewani na kuwa magumu. Tatizo ni kwamba uvutaji huo haukomi. Mwaka hadi mwaka utando huzidi kuwa mgumu, mpaka unakuwa mkavu kama kaukau. Wakati huohuo mbao haitulii: katika majira ya mvua hunywa unyevu na kutanuka kwa upana, na wakati wa kiangazi huutoa na kusinyaa. Mbao iliyokaa katika hewa yenye unyevunyevu wa asilimia 80 hubeba maji yapatayo asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Hewa ikishuka hadi asilimia 40, maji hayo hupungua kufikia nusu ya kiasi hicho. Utando mgumu hauwezi kuufuata mchezo huo, hivyo hupasuka. Akriliki hubaki na unyumbufu wake kwa muda mrefu zaidi, na huruhusu mvuke kupita kidogo kidogo, hivyo unyevu haunaswi chini yake. Kwa mkoa wenye majira mawili yanayotofautiana sana, sifa hizo mbili zina thamani kuliko kung'aa.

Mapafu ya fundi

Hata kama vanishi mbili zingalilingana kwa kudumu, ingebaki hoja ya afya, nayo yatosha peke yake. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, uliiweka kazi ya kupaka rangi katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu mwaka 1989, na ukathibitisha uamuzi huo ulipoichunguza upya baadaye. Kijana apulizaye vanishi ya thina ndani ya banda lililofungwa, akiwa amejifunga kitambaa puani, huvuta mvuke ambao kitambaa hakiuzuii hata kidogo. Kizunguzungu na maumivu ya kichwa anayoyaona kuwa ni mazoea ya kazi ni dalili za sumu kuingia katika ubongo. Mvuke huohuo hushika moto kwa cheche moja tu.

Mataifa mengine hayakuhamia kwenye maji kwa kuyapenda maji. Yalisukumwa na sheria. Mji wa Los Angeles, uliokuwa ukisumbuliwa na ukungu wa moshi, uliweka kanuni ya kupunguza mvuke wa viyeyushi mwaka 1966. Umoja wa Ulaya ulitoa agizo mwaka 2004 la kuweka kikomo cha viyeyushi katika rangi na vanishi, kwa hatua mbili za mwaka 2007 na 2010. Viwanda vililazimika kuvumbua. Tanzania yaweza kuyapokea matunda ya uvumbuzi huo bila kupitia hasara iliyoutangulia, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inampa mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi wake.

Hata hivyo, yafaa ieleweke kwamba neno “maji” si hirizi. Vanishi hii nayo ina viyeyushi, ingawa ni vichache. Ikipulizwa hutoa ukungu wa polima ambao mapafu hayakuumbiwa kuupokea. Barakoa yenye kichujio ni ya lazima. Zipo pia aina ambazo huchanganywa na kigumuishi chenye isosayaneti, kemikali inayoweza kumwachia mtu pumu ya maisha. Hizo zisiguswe na fundi asiye na vifaa kamili vya kinga. Hali kadhalika, milango ya zamani iliyopakwa rangi tabaka juu ya tabaka yaweza kuwa na madini ya risasi. Kuisugua kikavu kwa msasa ni kutawanya vumbi la sumu mahali watoto wanapocheza. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Rangi ya namna hiyo iloweshwe kwanza, na mabaki yake yakusanywe.

Makosa yanayoiharibu kazi

Vanishi ya maji haimsamehe fundi mzembe, na katika Simiyu makosa ya kawaida ni matano.

La kwanza ni kupuliza juu ya mbao iliyokufa. Mbao ya kijivu haina budi kusuguliwa kwa msasa mkavu, tuseme namba 80 na baadaye 120 na 180, mpaka rangi yake ya asili itokeze.

La pili ni oili chafu. Wengi huipaka milango oili iliyotolewa katika injini za magari ili kufukuza mchwa. Oili hiyo haikauki kamwe, ina kemikali zenye madhara, na juu yake vanishi ya maji hukimbia kama maji juu ya manyoya ya bata. Mlango uliowahi kupakwa oili hiyo hauna budi kusafishwa kwa viyeyushi na kujaribiwa sehemu ndogo kwanza. Pengine wafaa kuachwa kwa vanishi ya mafuta.

La tatu ni chuma. Mbao nyingi zina tanini. Tanini ikikutana na chuma na maji hutoa weusi kama wa wino. Fundi anayesugua mbao kwa nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, kisha akapuliza vanishi ya maji, ataona madoa meusi yakichipuka usiku mmoja. Atumie msasa peke yake, na misumari yake aizamishe na kuifunika. Mkongo nao una rangi ya manjano inayoweza kuchuruzika kwa maji. Kipande cha majaribio kitamwonya.

La nne ni nyuzi zinazosimama. Maji huziamsha nyuzi za mbao, na uso uliokuwa laini huwa kama ndevu za siku mbili. Dawa yake ni kuutangulia ubaya huo: mbao ipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu, iachwe ikauke, isuguliwe kidogo kwa msasa laini, ndipo ipulizwe.

La tano, ambalo ndilo kubwa, ni saa ya kazi. Katika nchi za baridi fundi huhangaika jinsi ya kukausha vanishi; katika Bariadi hutakiwa kuizuia isikauke upesi. Saa nane mchana katika Agosti, upepo ukivuma, vitone hukauka hewani kabla ya kuufikia mlango, na kinachotua ni unga mkwaruzo. Chembe zilizotua nazo hupoteza maji kabla ya kuungana, hivyo utando huwa dhaifu ingawa kwa macho ni mzuri. Mlango utolewe bawabani, ulazwe kivulini juu ya vigogo, upulizwe asubuhi jua lisijakolea. Wakati wa masika, kinyume chake, maji hukataa kupaa na utando huwa mweupe kama maziwa; siku ya namna hiyo ni ya kupumzisha kompresa. Haraka haraka haina baraka, na mlango uliopulizwa leo usifungwe kesho dhidi ya fremu yake, kwani akriliki changa ikipata joto hugandana.

Hesabu ya lita moja

Mwalimu wa hisabati ana somo hapa. Mlango wa banda la gari wenye upana wa mita 2.4 na kimo cha mita 2.1 una eneo la mita za mraba 5.04 kwa upande mmoja. Pande zote mbili ni kama mita za mraba 10. Lita moja, yaani sentimita za ujazo 1,000, ikitandazwa juu ya eneo hilo bila kupotea hutoa utando mbichi wa milimita 0.1. Ikiwa vanishi ina asilimia 30 ya vitu vigumu kwa ujazo, utando mkavu ni milimita 0.03. Kwa hiyo mapulizo matatu hutoa milimita 0.09, unene wa karatasi moja. Hiyo ndiyo ngao nzima ya mlango!

Lakini vifaa vya kawaida vya kupulizia huweza kupoteza zaidi ya nusu ya vanishi hewani. Lita tatu za hesabu huwa sita za dukani, na fundi anayeongeza maji kinyume cha maelezo ya kiwanda ili “kuivuta” vanishi hupunguza ngao huku akidhani anaokoa fedha. Ndiyo sababu kwa mlango mmoja brashi nzuri yatosha. Kupuliza kuna faida pale milango ni mingi. Na kwa vyovyote vile, ncha za mbao zisisahaulike, hasa ukingo wa chini, maana mbao hunywa maji kwa ncha zake mara nyingi zaidi kuliko kwa ubavu. Maji ya kuoshea vifaa yasimwagwe mtaroni. Mto Simiyu, ulioupa mkoa jina lake, humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria, na samaki hawahitaji polima.

Wapingao

Wapo watakaosema kwamba vanishi ya maji ni ghali. Ni kweli kwa bei ya lita. Lakini gharama ya kweli hupimwa kwa miaka ambayo mlango umelindwa, pamoja na thina isiyonunuliwa na siku za ugonjwa zisizopotea. Wengine watasema haing'ai kama ile ya zamani. Wajibiwe kwamba mlango wa nje si kabati la sebuleni. Wapo pia wanaosema haipatikani kwa urahisi nje ya miji mikubwa, na hao wana haki. Lakini bidhaa hufuata wateja, na mteja asiyeijua hataiulizia. Hakuna vanishi ya milele. Mlango wowote wa nje wastahili kukaguliwa kila mwaka kabla ya mvua, kuoshwa, kusuguliwa kidogo na kuongezewa pulizo moja pale palipochoka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kutoka sandarusi hadi darasani

Kuna fundisho la historia lisilopaswa kusahaulika. Katika karne ya 19 sandarusi iliyochimbwa ardhini katika nchi ya Mrima ilisafirishwa kupitia Unguja hadi Salem, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, na hadi Ulaya. Huko ilipikwa kuwa vanishi bora ya magari ya farasi na samani. Wachimbaji wa sandarusi walijua mahali ilipo. Hawakufundishwa kilichofanyika baada ya meli kuondoka. Pamba, zao kuu la Simiyu, ina kisa kinachofanana: nyuzi fupi zinazobaki juu ya mbegu yake hutoa selulosi ambayo viwanda vya ng'ambo viliigeuza kuwa laka ya magari tangu miaka ya 1920. Mtoto wa mkulima wa pamba huuziwa laka katika kopo bila kujua kwamba yaweza kuwa na asili moja na shamba la baba yake.

Mnyororo huo wa kutojua ukatwe shuleni. Tangu mwaka 2024 elimu ya sekondari imekuwa na mkondo wa amali, na hapo pana nafasi ya kuiunganisha karakana na maabara. Mwalimu wa kemia hahitaji vifaa vya gharama. Chai ya rangi iliyokolea na msumari wenye kutu vitaonyesha weusi wa tanini. Tone la mafuta ya pamba na tone la mafuta ya kitani juu ya vioo viwili yataonyesha, baada ya majuma machache, kwa nini moja lafaa kwa vanishi na jingine lafaa jikoni. Vipande vinne vya mbao, nusu ya kila kimoja ikiwa imefunikwa kwa bati, vikielekezwa pande nne za dunia katika ua wa shule na kupimwa kila mwezi, vitawafundisha wanafunzi juu ya jua la Bariadi jambo ambalo kitabu kilichoandikwa London hakiwezi kuwafundisha.

Wanafunzi watakaofanya jaribio hilo, wengine watakuwa mafundi, wengine wenye nyumba, na wengine wanunuzi wa vifaa vya shule na ofisi za umma. Yule fundi kijana aliye sasa katika banda lililojaa mvuke, kitambaa kikiwa puani, hakuwahi kupewa somo hili. Wadogo zake wako darasani leo, nao bado wanaweza kufikiwa.